Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: kabla ya "andika maelezo"

Dokta shikamoo. Mimi ni nesi wodi ya watoto, hospitali moja hapahapa Dar, jina siweki maana mambo yetu ya barua za kujieleza unayajua. Naandika kuomba nesi aliyekosea dawa apate wa kumsikiliza kabla ya kupewa karatasi ya "andika maelezo".

Mwaka juzi niko naiti, watoto wawili kitanda kimoja, wote Fatuma, mmoja miaka saba ana degedege, mwingine miezi tisa ana nimonia, manesi tuko wawili wodi nzima na mwenzangu kaenda kufuata damu maabara. Fenobabitoni, dawa ya degedege, ya Fatuma mkubwa nikamchoma mdogo. Nilijua hata sindano sijaichomoa. Nikapiga kelele, daktari akaja mbio, tukampumulisha kwa ambubagi mpaka vidole vikafa ganzi, alfajiri akaanza kuvuta pumzi mwenyewe. Siku ya tano akaruhusiwa. Mama yake tulimwambia ukweli, alinifokea na ilikuwa haki yake kabisa.

Lalamiko langu ni la asubuhi ile. Inchaji kanipa karatasi, "andika maelezo, saa nne yawe mezani", basi. Hakuna aliyeniuliza hata kama nimekunywa chai. Nikapanda daladala ya Mbagala nimesimama, mkono mmoja mfukoni, kumbe nimeng'ang'ania kifuniko cha ile sindano, nilikuja kukiona nafua yunifomu. Usiku nikarudi zamu, wodi ileile kitanda kilekile, kila dozi naihesabu mara nne, wenzangu wanacheka eti sista umekuwa karani wa benki. Kuna sindano nilimwomba mwenzangu achome yeye, nikamdanganya macho yananiuma.

Na usidhani ni uoga wa manesi wa Dar tu. Daktari Albert Wu wa Marekani aliliandika hili mwaka 2000, akatuita sisi tuliokosea waathirika wa pili, wa kwanza ni mgonjwa bila ubishi. Kule Seattle, hukohuko Marekani, mwaka 2010 nesi Kimberly Hiatt alimpa mtoto wa miezi minane dawa ya kalsiamu kloraidi mara 10 ya dozi, akasema mwenyewe palepale, akafukuzwa kazi, na 2011 akajiua. Niliposoma habari yake nilizima simu nikakaa.

Chuo Kikuu cha Missouri, nacho cha Marekani, wao wana timu ya wafanyakazi wenyewe waliofundishwa kusikiliza, ukipatwa na tukio unafuatwa na mwenzako, hali ikizidi ndo unapelekwa kwa mtaalamu. Hiyo haidai jengo wala mfadhili Dokta. Kila hospitali wapate watu watatu hivi wa kufundishwa, wasiwe mainchaji, wasikae kamati ya uchunguzi, na utakachowaambia kisije kikatokea kwenye faili lako. Na zamu inayofuata mtu apewe ofu, au basi asiachwe peke yake na toroli la dawa, matroni akiambiwa na wewe rosta itapangika tu.

Uchunguzi uendelee, siombi kufunikwa. Ila wangu uliishia "muuguzi awe makini zaidi", habari ya Fatuma wawili kitanda kimoja haikuandikwa hata mstari.

Ukipita wodini ukaona watoto wana plasta mkononi imeandikwa jina na umri kwa kalamu, nilianza mimi baada ya ile naiti. Plasta nanunua mwenyewe, roli moja inakaa kama wiki.