Mkenya wangu, nimeondoka vibaya

Shosti,

Niko Frankfurt eapoti, geti bado halijafunguliwa, simu ina chaji 30 tu kwa hiyo naandika fasta na makosa utayavumilia, we mwenyewe kiswahili chako nakijua.

Kwanza samahani kwa leo mchana. Yaani tangu Oktoba tuko wote, tumekula sufuria moja, halafu pale stesheni ya Bayreuth dakika za mwisho kabisa tunagombana kuhusu sanduku, mi nasema limezidi kilo 23 we unasema halijazidi, nakuuliza umelipima kwa mkono au, mara treni hiyo, nikapanda, mlango ukajifunga na mi bado nakuelekeza chupa ziko wapi. Chupa jamani! (Limesoma 22.6. Haya, usijisifu.)

Na siku yenyewe nayo tarehe 25 Julai ndo opera zinafunguliwa, wale matajiri wanashuka na magauni yao marefu wanaelekea kule kilimani kwenye jumba la opera la Wagner, jua linawaka, sisi tunaburuza sanduku la gurudumu bovu katikati yao. Karibu mwaka mzima tunakiona kile kilima na hatujawahi kuingia mle ndani. Ati viti vya mbao na opera moja inakula masaa matano, nani atakaa.

Ila sio hayo niliyotaka kukuandikia.

Unaikumbuka Januari. Bibi alipofariki mi mitihani iko mlangoni, nauli sina, na Tanga hawakusubiri mtu, alizikwa alasiri ileile. Nikajifungia chumbani. We hukuniuliza kitu. Nikasikia tu vyombo jikoni, kutoka nakuta watu wote wa floo umewatoa, meza umeisukuma ukutani, lile shuka langu la bluu umelitandika chini, chai ya tangawizi inachemka, na ushawapigia wale Watanzania wawili na yule Mzanzibari wa masta waje tumsomee bibi. Na we mtu wa kwaya kanisani umekaa chini umejitanda mtandio wangu kisomo chote, hujaelewa hata neno moja, na lile goti lako unalolilalamikia kila siku hukulitaja.

Saa nne usiku mlango ukagongwa. Nikajua tu ni yule jirani wa chumba cha mwisho, yule ikishafika saa nne hata ukikohoa anakuja. Ukatoka ukamweleza. Akaondoka, akarudi na keki ya dukani bado iko kwenye plastiki yake, akasimama mlangoni anaangalia viatu vyetu vilivyopangwa, hajui avue au asivue.

Sijawahi kukwambia asante ya siku ile. Nilitaka niseme leo, tangu juzi nimeipanga kichwani, ndo nikaishia kwenye chupa. Asante. Mama nae kila nikimpigia anauliza yule binti wa Kenya aliyemkalia bibi hajambo?

Haya, chupa zenyewe. Ziko chini ya kitanda, kama 40 hivi, ukizirudisha dukani za plastiki wanakupa senti 25 lakini za bia za yule Mbavaria ni senti 8 tu, kwa hiyo usianze kupiga hesabu za utajiri. Kwenye friza nimekuachia Grünkohl imeshakatwa, sukuma wiki yako, ile uliyoiona sokoni ukapiga kelele mpaka yule mama muuzaji akadhani umeibiwa. Unga wa ugali wa kutoka Nürnberg umebaki nusu pakti. Ukiisha tafadhali usirudie ile polenta, ule ni uji uliokataa kuiva. Manispaa nimeshajifuta kwenye orodha ya wakazi, funguo nimerudisha, barua zangu zikija zipige picha unitumie WhatsApp, hasa zenye bahasha ya njano maana hizo huwa sio za heri.

Wameanza kuita watu, foleni imeshafika mpaka kwenye kahawa.

Ukienda nyumbani likizo, shuka mpaka Mombasa, panda basi la Tanga, unavuka pale Horohoro, mi nitakuwa stendi. Mama anataka kujua kama samaki unakula, nimemwambia unakula ila unaogopa miiba.

Kuja bwana. Ndiyo, nimeandika kuja, karibu mwaka mzima nakusahihisha useme njoo na umeniambukiza.

Mtanga wako