Kumbukumbu zisisubiri mwaka wenye sifuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi nikishika gazeti lenu nakimbilia kwanza kile kisanduku cha "Siku kama ya leo", nakisoma kabla ya siasa na kabla ya michezo, kwa hiyo haya ninayoandika nayaandika kama mtu anayekipenda kwelikweli. Ombi langu ni kwamba msiwe mnasubiri mpaka tukio lifikishe miaka 10, 25, 50 au 100 ndo mlipe ukurasa mzima na picha kubwa, halafu miaka yote ya katikati lipate mstari mmoja au lisipate kitu kabisa. Maana naona hiyo tabia imeshaingia mpaka majumbani.

Nitatoa mfano wa kwetu. Baba alipofariki, mwaka wa kwanza ulipotimia simu hazikupumzika, ndugu walikuja, majirani walikuja, mpaka watu waliofanya naye kazi zamani tukawaona. Mwaka uliofuata zikaja meseji. Baada ya hapo kimya. Sasa juzi kwenye grupu la WhatsApp la familia mtu kaandika tujipange mapema, miaka kumi inakuja, tufanye kitu kikubwa, na watu wote wakaweka dole gumba. Ni wazo zuri na mimi nitachangia, lakini najiuliza hii miaka ya katikati mama anaipitisha na nani? Kwa sababu yeye tarehe yake haijawahi kuruka mwaka hata mmoja. Wiki nzima kabla anakuwa hana raha, usingizi hapati, anagombana na watu kwa vitu vidogo vidogo, ukimuuliza anasema hana kitu, halafu unaangalia kalenda ndo unaelewa. Watu wa saikolojia wanaijua sana hiyo hali, wanasema mtu anaweza asiwe ameiwaza tarehe kabisa na bado roho ikamchafuka siku zinapokaribia, na haijali kama ni mwaka wa nne au wa kumi na tatu.

Hivi hii kumi tumeitoa wapi? Kwenye vidole vya mikono basi, hakuna kingine. Huzuni haihesabu vidole, na furaha pia haihesabu.

Na kwenye historia yenyewe hii kusubiri namba nzuri inatuponza, tena vibaya. Chukua Titanic, meli inayojulikana na kila mtu. Ilizama Aprili 1912 na watu wapatao 1,500 wakafa. Mwaka 2012 ilipotimia miaka 100 dunia nzima iliandika, televisheni zilionyesha, na kuna meli ya watalii ilisafiri mpaka pale baharini ilipozamia. Vizuri. Ila aliyenusurika wa mwisho, Millvina Dean, alikuwa ameshafariki Mei 2009, na yeye hata hivyo alikuwa mtoto mchanga wa miezi miwili siku ile kwa hiyo asingeweza kusimulia alichokiona. Yule wa mwisho aliyekuwa na kumbukumbu zake mwenyewe, Lillian Asplund, aliyekuwa na miaka 5 meli ilipozama na akapoteza baba na kaka zake watatu humo, alifariki 2006. Yaani sherehe kubwa ya kumbukumbu imekuja wakati wote wa kuulizwa wameshaondoka. Mwaka 2005 ilikuwa miaka 93, namba mbaya, nani aliweka ukurasa?

Vita vya Kwanza vya Dunia ni hivyohivyo. Tarehe inayojulikana ni 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi, bunduki zikanyamaza kule Ufaransa. Mwaka 2018 ikatimia miaka 100, marais wakakusanyika Paris, na hakukuwa na askari hata mmoja wa vita ile aliyebaki hai duniani. Kwa Waingereza wa mwisho aliyepigana kwenye mahandaki alikuwa Harry Patch, alifariki Julai 2009 akiwa na miaka 111. Huyu mzee naomba nikae naye kidogo kwa sababu ndo aliyenifanya niandike hii barua. Alikaa kimya kuhusu vita maisha yake yote ya utu uzima, mke hakusimuliwa, watoto hawakusimuliwa, mpaka amefika miaka 100 ndo watengenezaji wa kipindi cha televisheni wakamfuata wakamuuliza na yeye akaanza kusema. Na alichosema kikubwa kwangu ni kwamba 11 Novemba haikuwa siku yake. Siku yake ya kumbukumbu ilikuwa 22 Septemba, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 1917 bomu liliwaua rafiki zake watatu wa kikosi kimoja na yeye akajeruhiwa. Serikali zina tarehe yao yenye gwaride na maua, na yeye alikuwa na ya kwake, na aliibeba zaidi ya miaka 80 kabla mtu hajamuuliza.

Nikisoma hivyo nawaza ni watu wangapi tunaishi nao nyumba moja wana 22 Septemba yao na hatuijui. Mtu kakaa kimya mezani tunasema leo kaamka vibaya. Kumbe ni siku mtoto wake wa kwanza aliyefariki angekuwa anatimiza miaka fulani, au ni siku aliyotoka hospitali baada ya kuambiwa hatapona akapona, maana si lazima ziwe za kulia, kuna tarehe za furaha pia ambazo mtu anazisherehekea peke yake kimoyomoyo kwa sababu anaona aibu kuwaambia watu kitu cha miaka kumi na saba iliyopita.

Kuna jambo jingine nataka kulisema kuhusu hizi tarehe, ugomvi. Kwetu kuna mabishano ya kila mwaka, baba mdogo anasema marehemu alifariki tarehe 14, shangazi anasema 15, kwa sababu ilikuwa usiku, usiku wa kuamkia, na kila mmoja ana hoja yake na wote walikuwepo. Mimi siku hizi nawaambia hata Titanic ina shida hiyohiyo, iligonga barafu 14 Aprili saa tano na dakika arobaini usiku na ikazama 15 Aprili saa nane na dakika ishirini, sasa tarehe ya msiba ni ipi? Zote mbili. Na kalenda yenyewe imeshachezewa sana. Warusi waliita mapinduzi yao ya Oktoba halafu wakawa wanayasherehekea 7 Novemba, kwa sababu mwaka 1918 walibadilisha kalenda, wakalala 31 Januari wakaamka 14 Februari. Waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania wote wanaandikwa wamefariki 23 Aprili 1616 na wala haikuwa siku moja, Uingereza na Hispania zilikuwa zinatumia kalenda mbili zilizopishana siku kumi. Kwa hiyo ndugu wakinuniana kwa ajili ya tarehe moja ya mbele au ya nyuma mimi naona wanapoteza kile kilichowakutanisha.

Hata hiyo 11 Novemba 1918 niliyoitaja haikuwa mwisho wa vita kwa kila mtu. Huku Afrika Mashariki na Kati wanajeshi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa bado wanapigana kwa sababu habari ilikuwa haijawafikia, na alikuja kukabidhi silaha rasmi 25 Novemba kule Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, Zambia. Wapo waliokufa kwenye vita ambayo kwenye karatasi ilikuwa imeshakwisha. Nilipoijua hiyo nikamuelewa mdogo wetu anayeishi mbali, ambaye yeye anamkumbuka baba siku inayofuata na si siku yenyewe, kwa kuwa simu ilimfikia siku inayofuata. Kwake baba alikuwa mzima mpaka simu ilipolia. Kuna waliomwona kama hajali. Anajali, tarehe yake ndo iko pale.

Halafu zipo tarehe zilizobeba vitu viwili visivyopatana. Wajerumani wana 9 Novemba: mwaka 1918 jamhuri ilitangazwa, 1923 Hitler akajaribu kupindua serikali kule Munich akashindwa, 1938 masinagogi yakachomwa na maduka ya Wayahudi yakavunjwa, na 1989 ukuta wa Berlin ukafunguka watu wakalia kwa furaha. Walipotafuta sikukuu ya taifa baada ya kuungana wakachukua 3 Oktoba, siku ya muungano wenyewe wa 1990, na wengi wanasema 9 Novemba isingewezekana kwa yale ya 1938. Serikali inaweza kuchagua tarehe nyingine. Familia haiwezi. Sisi mtoto wa dada yangu kazaliwa tarehe ileile babu yake aliyofariki, miaka kadhaa baadaye, na mwanzoni kulikuwa na minong'ono kwamba keki ikatwe siku nyingine, mtoto asiguswe na msiba. Mama mwenyewe ndo aliyekataa. Akasema bethdei ya mtoto ibaki palepale, asubuhi tutamkumbuka mzee na jioni tutamwimbia mtoto, na mtoto akikua ataambiwa yote mawili. Nadhani ni uamuzi wa busara kuliko mingi niliyosoma ya wakubwa wa dunia.

Sasa tunachofanya mimi na dada. Kila mwaka tarehe ikifika, yenye sifuri au isiyo na sifuri, tunapigiana simu na kila mmoja anamwambia mwenzake kitu kimoja kuhusu baba ambacho hajawahi kumwambia. Mwanzoni nilidhani vitaisha haraka. Havijaisha. Mwaka jana nimejua kwamba baba aliwahi kuacha kazi nzuri kwa sababu bosi alimtukana mfanyakazi mwenzake mbele yake, hakuwahi kutusimulia, dada aliambiwa na mama wakiwa wawili tu. Hicho kitu kisingetoka kwenye hafla ya miaka kumi yenye mahema na spika, kule watu wanasoma wasifu tarehe kwa tarehe na wanakaa.

Simu zetu zenyewe naona katika hili zimetuzidi, Facebook inakuletea picha ya miaka mitatu iliyopita, ya miaka saba, haijali namba, na mara nyingi ndo inayomkumbusha mtu ampigie ndugu yake. Ila simu inajua kile tu ulichoposti. Ya mama yangu haiko huko. Ya mzee Patch isingekuwepo.

Kwa hiyo Mhariri, pembeni ya "Siku kama ya leo" tengenezeni nafasi ndogo ya wasomaji, hata mistari mitano kwa wiki inatosha. Msomaji atume tarehe, mwaka, na jambo moja lililotokea kwao siku hiyo, bila kulazimisha liwe kubwa, na kipaumbele wapewe wazee ambao hawaandiki, wajukuu wawaandikie. Na kwenye matukio ya dunia tafuteni waliokuwepo wakiwa bado wapo, mwaka wa 36, wa 41, wa 58, wowote ule. Mandela alitoka gerezani 11 Februari 1990, waliosimama barabarani siku ile wengi wako hai na wanakumbuka walivaa nini, msisubiri 2040 kuwauliza. Mkiifungua hiyo nafasi nitumieni anwani ya kutuma, ya mama nimeshaiandika na ameshaisoma akanirekebisha sehemu mbili.

Msomaji wenu