Shosti, hizo hela hazijaibiwa, ni ile klabu ya mvinyo

Shosti wangu,

Za Houston? Meseji yako nimeisoma usiku nikitoka kazini nikaona kwa simu hatutamaliza, bora nikuandikie vizuri. Hizo dola 160 na kitu mlizokatwa wala siyo wezi wa kadi. Ni ile ofa ya mvinyo mliyoagiza sikukuu. Sisi mwaka jana yalitukuta hayahaya, tulichukua chupa 12 za kipaimara cha mtoto, dola 70 na 20 za kusafirisha, wageni wakanywa wakasifia, tukajua biashara imeisha. Baada ya miezi mitatu naangalia akaunti, hela imetoka na mzigo wenyewe hata mlangoni haujafika!

Yani iko hivi, ile bei ya kwanza ni chambo tu. Ukishaweka namba ya kadi wanakuhesabu mwanachama, na kila miezi mitatu wanatuma boksi jingine kwa bei kamili mpaka wewe useme basi. Ukinyamaza kwao ni ndiyo. Hapo ndo panaponiuma sana, kwa sababu mtu ananyamaza maana yuko shifti mbili na watoto na maisha, hakuna aliyemuuliza kama anataka tena, halafu ukimya wake unageuzwa oda. Kuna sheria ya Marekani ya 2010 inayosema mtu akiuziwa mtandaoni kwa mtindo huu lazima aelezwe masharti waziwazi kabla ya kutoa namba ya kadi, akubali mwenyewe, na apewe njia rahisi ya kujitoa. Maandishi madogo ya kijivu chini ya kitufe siyo waziwazi jamani, na hilo mlisemee bila aibu.

Shemeji asipige benki akasema kadi imeibiwa. Namwelewa, kapaniki, ila benki wakiangalia wataona mzigo wa kwanza mliupokea na mkaulipia kwa kadi hiyohiyo, basi lalamiko linaanguka. Aseme ukweli ulivyo, kwamba mliagiza mara moja, huu wa pili hamkuukubali na mnaupinga. Kama ni kadi ya mkopo, barua ya kupinga iwafikie benki ndani ya siku 60 tangu wawatumie bili yenye hayo makato, na itumwe kwenye ile anwani ya malalamiko iliyoandikwa kwenye bili, siyo ile ya kulipia. Wakiwa bado wanachunguza hamlazimiki kulipa kiasi kinachobishaniwa, ila bili iliyobaki lipeni kama kawaida. Kama ni debit, yani ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yenu, hela imeshatoka kwenu, hiyo ni ngumu zaidi, dai marudisho na pia waambie benki wazuie makato yajayo, angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe.

Na msidhani kubadilisha kadi kunatosha. Benki nyingi zinapeleka namba mpya kwa wafanyabiashara waliokuwa na ile ya zamani, mnaweza kushangaa mnakatwa kwenye kadi ambayo hata hamjaitumia.

Kujitoa kwenyewe kunataka roho ngumu. Wetu walitaka tupige simu tu, unasubiri weee, halafu anakuja dada mpole anakwambia basi tukupunguzie bei, au turuke mzigo huu mmoja. Kuruka siyo kujitoa! Ukiruka, miezi mitatu mingine wanakuja tena. Mi nilirudia sentensi moja tu, funga uanachama wangu leo na unitumie imeli ya uthibitisho, mpaka akafunga, halafu na mimi nikaandika imeli yangu yenye tarehe ili maandishi yawepo. Ile kanuni ya serikali ya Marekani ya Oktoba 2024 iliyotaka kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, mahakama ya rufaa iliifuta Julai 2025 siku chache kabla haijaanza, imenisikitisha kweli maana ingewasaidia watu wengi. California wana sheria yao, aliyejiunga mtandaoni aweze kujitoa mtandaoni. Hapa kwetu Ohio mi nilimalizana nao kwa simu.

Boksi likifika msilisaini. Pombe inataka saini ya mtu mzima wa miaka 21 kwenda juu, kwa hiyo waambie vijana wasimpokelee mtu wa mizigo, kataeni lirudi na mpige picha ile karatasi anayobandika mlangoni. Lakini kulikataa boksi peke yake hakufungi uanachama, simu na imeli lazima.

Sisi walirudisha hela yote isipokuwa ya kusafirisha, ile bado nawadai na siachi.

Alhamisi niko ofu, ntakupigia asubuhi, uwe na bili mbele yako na ile imeli ya oda ya kwanza. Barua ya benki tutaiandika wote kwenye simu. Wasalimie watoto, na shemeji mwambie apumue kwanza.

Wako,
shosti wa Columbus