Mwanaidi, usiilipe ile oda kwanza

Dar es Salaam, Jumatano usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Habari za Tanga, na Mama Zubeda anaendeleaje na mguu wake? Huku sote wazima, alhamdulillahi. Nisamehe kwa kimya cha tangu Idi. Salimu alinifikishia jana bahasha yako yenye orodha ya vitabu unavyotaka kuwanunulia watoto, nami naandika haraka kwa jambo moja: kama ile oda ya vitabu vya watoto hujailipa, usiilipe kwanza.

Orodha yenyewe si mbaya. Kilichonitia wasiwasi ni ile tafsiri ya mfano uliyoweka ndani, ya Rosie's Walk, kile kitabu cha picha cha Kiingereza. Kitabu kile alikitoa Pat Hutchins mwaka 1968, na maneno yake yote ni 32, sentensi moja tu iliyonyooshwa toka mwanzo hadi mwisho. Kuku anatoka kutembea, anazunguka shamba, anarudi nyumbani wakati wa kula. Basi. Mbweha anayemnyemelea hatajwi hata mara moja, yumo kwenye picha tu. Sasa mfasiri wako, ukurasa wa kwanza, kaandika "huku mbweha akimfuata nyuma". Mwenzangu, hapo kitabu kimeshakufa! Mtoto wa miaka minne anamwona mbweha mwenyewe, anaona na kuku hana habari, ndipo anapopiga kelele "Geuka, geuka!" Ukimtangulia kumwambia, umemnyang'anya kazi yake.

Tazama kilivyopangwa. Kurasa mbili zina maneno, kuku anakatiza uwanja, mbweha yuko hewani anamrukia. Unafunua: hakuna neno, reki imempiga usoni. Zinakuja kurasa za maneno tena, karuka tena. Unafunua, yumo bwawani. Kwa hiyo kufunua ukurasa ndiyo sehemu ya kuchekesha. Anayesoma kwa sauti akifika penye picha tupu anyamaze, ahesabu moyoni hadi tano, akizungushe kitabu waone wote, hata walioketi pembeni. Akiharakisha, nusu ya watoto wanabaki kuuliza wenzao wanacheka nini.

Na kazi ya mfasiri haiko kwa mbweha, iko kwenye mwendo wa kuku. Kiingereza kinabeba safari nzima kwa kitenzi kimoja na vineno vidogo vya mahali. Kwetu vineno hivyo vinageuka vitenzi: akakatiza uwanja, akazunguka bwawa, akapanda rundo la nyasi, akapita kando ya kinu, akapenya uzio, akapita chini ya mizinga ya nyuki. Mfasiri wako ameandika "Kuku alitembea" mara sita, na kila mara nukta. Hiyo "-ka-" tumepewa ya nini basi? Ndiyo inayoivuta sentensi isikatike mpaka kuku afike nyumbani. Mrudishie, mwambie ajaribu hivyo, na mbweha amwache alipo.

Na hilo uliloniandikia, la kuichapa tafsiri hiyo na kutoa kopi arobaini, hapana. Vitabu hivyo vina hakimiliki, na kuchapa tafsiri kunaombewa ruhusa kwa mchapishaji. Nunua nakala moja nzuri, anayesoma ashike karatasi yake ya Kiswahili mkononi, watoto watazame picha. Vya kushika wao wenyewe, chukua hadithi za African Storybook, ule mradi wa Afrika Kusini. Za Kiswahili zipo, ni za bure, na leseni yake inaruhusu kuchapa.

Ila uchapaji wake una mitego. Kijitabu cha kurasa 16 za A5 kinakula karatasi 4 za A4, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni. Kwenye printa chagua kugeuza upande mfupi. Wakichapa kwa upande mrefu, nyuma ya kila karatasi inatoka kichwa chini, na stationery hawagundui mpaka wamalize zote. Wachape kimoja kwanza, ukikunje, ukisome chote, ndipo waendelee. Karatasi ya gramu 80 inaonyesha wino wa upande wa pili, na mtoto anayeanza kusoma anachanganyikiwa, kwa hiyo omba ya 100 au 120. Pini mbili kwenye mkunjo, miguu yake ifungwe kwa ndani isichome vidole. Na kagua maneno yenye ng'. Kompyuta nyingine hulikata neno kwenye ile alama, "ng" inabaki mwisho wa mstari na "ombe" inaanza mstari wa chini. Mtoto anayesoma kwa silabi hapo amepotea.

Vya kununua, kabla ya kulipa kifunue katikati uangalie kama kimeshonwa kwa uzi. Vya gundi tupu, kwa joto la Tanga na watoto thelathini, vitaachia kurasa.

Sasa orodha. Handa's Surprise usiitoe. Eileen Browne, 1994, Kenya kwa Waluo: Handa anampelekea rafiki yake Akeyo kapu la matunda saba, kalitwika kichwani, njia nzima anawaza Akeyo atapenda lipi. Maneno yanataja matunda tu. Juu ya kapu tumbili anachukua ndizi, mbuni anachukua pera, mpaka kapu linabaki tupu na Handa hajui. Ni mbweha yuleyule, Mwanaidi, kwa sura nyingine. Ongeza My Rows and Piles of Coins ya Tololwa Mollel, Mtanzania mwenzetu, picha za E. B. Lewis, 1999: Saruni anadunduliza sarafu, anazipanga kwa safu na mafungu, anataka baiskeli ya kumsaidia mama yake kupeleka mizigo sokoni. Maneno ni mengi, hicho wawekee wa darasa la tatu na la nne.

Jambo Means Hello ya Muriel na Tom Feelings, 1974, ina picha nzuri mno, ilipata heshima ya Caldecott, ile tuzo ya Marekani ya picha za vitabu vya watoto, kwa haki. Lakini iliandikwa kwa mtoto wa Marekani anayekutana na Kiswahili mara ya kwanza. Wako atashangaa, maana kwao ni "hujambo", na kwa mkubwa ni "shikamoo". Inunue kwa ajili ya picha, ila isiwe kitabu cha herufi.

Salimu naye kaniuliza vitabu vya tasnifu yake ya vyombo vya habari na utamaduni. Mwambie asianze na nadharia, maana wengi huijaza sura ya pili kisha hawaigusi tena. Aanze na Kelly Askew, Performing the Nation, 2002, utafiti uliofanyika hapohapo Tanga. Asome hasa habari za kutunza kwenye taarabu: wimbo haumtaji mtu, ila mwanamke akiinuka na noti yake pale penye beti fulani, ukumbi mzima unajua anamsema nani. Halafu Reel Pleasures ya Laura Fair, 2018, juu ya majumba ya sinema ya Tanzania na watazamaji wake. Baada ya hapo ndipo amsome Stuart Hall, yule mwananadharia wa utamaduni wa Uingereza, ile makala yake ya 1973 kuhusu anayetunga ujumbe na anayeupokea. Ataielewa kwa mifano ya kwao. Ajaribu hata kwa Handa: mtoto wa London anaona pundamilia na tembo njiani akasema hiyo ndiyo Afrika. Wa Tanga atauliza hao wanyama wametokea wapi. Na wewe kama utapata nafasi, tafuta How Picturebooks Work ya Maria Nikolajeva na Carole Scott, 2001, inachambua namna maneno na picha zinavyogawana kazi.

Nikirudi kwenye oda: vitabu sitini, nakala moja moja, ni vingi kwa mwanzo. Chukua kumi na viwili vya kusomewa, fedha inayobaki itumie kuchapa vijitabu, kila hadithi nakala tano, watoto wasome wawili wawili.

Sasa nijibu. Umeshatanguliza kiasi gani kwa yule muuzaji, na anakubali kubadilisha? Atakayesoma kwa sauti ni wewe au Mwalimu Hadija? Kile chumba kina mwanga wa kutosha saa za jioni? Stationery ya karibu wana stepla ndefu ya kufika katikati ya A4? Na mfasiri atakasirika ukimrudishia, au nimwandikie mimi? Kaka yake Salimu anapanda basi kuja huku Jumapili, mpe majibu na ile tafsiri mpya hata kama haijakamilika.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwenzio,
Saada