Pimeni soketi kabla ya kuizika kontrol boksi

Ndugu Mhariri,

Siku hizi mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu za gari) ikigoma kuwasiliana na gari, mwenye gari huambiwa papo hapo kwamba kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa. Sisi mafundi tunapaswa kupima kwanza soketi iliyo chini ya usukani, ambamo mashine hiyo huchomekwa. Multimita (kipima umeme) na balbu moja vinatosha.

Soketi hiyo ina nafasi 16 za pini. Ukiitazama upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Pini 16 ni moto wa betri, upo hata swichi ya gari ikizimwa. Pini 4 ni athi (hasi) ya bodi, 5 ni athi ya mawasiliano. Pini 16 ikikosa umeme, tafuta fyuzi. Kwenye baadhi ya magari fyuzi hiyo hulisha pia soketi ya kuwashia sigara, kwa hiyo chaja mbovu ya simu inaweza kuwa ndiyo iliyoikata.

Hapa multimita hudanganya: waya uliobakiwa na uzi mmoja bado utasoma volti 12. Weka balbu ya wati 5 kati ya 16 na 4. Ikiwaka kwa unyonge, kuna waya au athi iliyooza. Balbu hiyo isiguse kabisa 6, 7 wala 14. Hizo ni za mawasiliano.

Pini 6 na 14 ndizo njia ya CAN, yaani laini ya nyaya mbili ambayo kompyuta za gari huwasiliana kwayo. Chomoa betri, subiri dakika chache, pima omu kati yake. Jibu zuri ni 60, kwa sababu kila mwisho wa laini kuna rezista (kizuia umeme) ya omu 120. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Ila gari lenye geti (kompyuta inayopitisha mawasiliano) kati ya soketi na laini kuu linaweza kusoma tofauti. Kwa gari hilo angalia mchoro wake wa nyaya.

Toyota nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazina CAN kwenye soketi. Huongea kwa pini 7, na kifaa cha bei nafuu kinaweza kushindwa kuzisoma ilhali gari ni zima. Nyingi kati yake ukiunganisha 4 na 13, swichi ikiwa imewashwa, taa ya injini itapepesa kodi yenyewe. Usikosee ukagusa 16.

Kinachoharibu soketi mara nyingi ni sisi wenyewe: ncha nene ya multimita ikisukumwa ndani hupanua pini, kisha mashine inakata kila kebo ikitikiswa. Pima kwa nyuma, upande wa nyaya. Na wafungaji wa vifaa vya kufuatilia magari waache kuchuna waya wa pini 16 na kuuviringishia mwingine kwa selotepu.

Mteja anayeambiwa anunue kontrol boksi aulize kwanza: balbu kati ya 16 na 4 iliwakaje, na 6 na 14 zimesoma omu ngapi?

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam