Msikate tarehe ya dawa

Bwana Mhariri,

Ninatunza depo ya dawa hapa Kadutu, Bukavu. Naomba nafasi niwaambie wauzaji wenzangu jambo linalonisumbua sana.

Dawa ikishuka kwenye boti kutoka Goma inakuwa imevaa nguo tatu. Ya nje ni katoni kubwa, inayovumilia safari na mikono ya wabebaji. Hiyo mkiitupa, hakuna neno. Ndani yake kuna viboksi vyenye karatasi ya maelezo: kipimo, nani asimeze, namna ya kuhifadhi. Ndani kabisa ni plaketi, yaani kile kibamba cha vidonge, inayogusa kidonge chenyewe na kukikinga na unyevu.

Sasa wengi wanatupa hata kiboksi, halafu wanakata plaketi kwa makasi. Namba ya loti, yaani ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja, na tarehe ya kuisha mara nyingi zimegongwa kwenye ncha moja tu! Anayepata ncha hiyo ana bahati. Waliobaki wanameza gizani. Wengine hutoa vidonge na kuvifunga katika kipande cha karatasi, na kwa mvua za huku, unyevu unaingia upesi.

Najua mama mwenye pesa ya vidonge vinne hawezi kununua boksi zima, wala simlaumu. Basi tuanze kukata upande usio na tarehe, na juu ya bahasha tuandike jina la dawa, kipimo, loti na tarehe. Nanyi wagonjwa, ombeni kuonyeshwa boksi kabla ya kulipa.

Mtunza depo,
Kadutu, Bukavu