Mpwa, shikamoo ilikuwa ya yule mzee

Mpwa wangu,

Mama yako kanitumia picha yako ya kazini: shati jeupe, suruali imepigwa pasi hadi mstari unaonekana, kitambulisho shingoni. Umependeza, sikufichi. Na najua shati lenyewe ni mtumba wa Karume, pasi ni ile ya mkaa ya bibi yako. Umaridadi huficha umaskini, na anayekwambia nguo si kitu hajawahi kuingia benki na kandambili.

Ila nilipokuja pale kazini kwenu kufuata dawa zangu za presha, nilikaa benchini nikakutazama kabla hujaniona. Mzee mmoja alikuwa amesimama dirishani muda mrefu, miguuni yeboyebo, mkononi mfuko wa rambo. Ukamwambia "subiri pale" bila kuinua macho. Mara akaingia kijana wa tai, hajakupita hata miaka kumi. Ukanyanyuka. Ukamwamkia shikamoo! Tangu lini, mwanangu, tai ikaamkiwa na mvi zikaachwa zimesimama?

Hauko peke yako. Mwaka 1971 mtafiti wa Marekani, Leonard Bickman, alichapisha jaribio alilofanya New York. Waliacha sarafu ya senti kumi kwenye kibanda cha simu. Mtu akiingia na kuikuta, anafuatwa na mwingine anayeuliza kama ameiona. Muulizaji akiwa amevaa nadhifu, asilimia 77 waliirudisha. Akiwa na nguo za kibarua, 38. Fikiria: senti ile ile, swali lile lile, na aliyeonekana kuihitaji zaidi ndiye aliyedhulumiwa. Wala hawakuwa wezi wale. Walikuwa wapita njia tu, watu kama mimi na wewe.

Mwaka 1974 Bwana huyo huyo akaonyesha upande wa pili, huko Brooklyn. Mtu aliyevaa sare ya mlinzi aliwaagiza wapita njia mambo ya ajabu ajabu, kama kuokota mfuko wa karatasi au kumpa mtu asiyemjua sarafu ya maegesho. Walimtii kuliko walivyomtii aliyevaa nguo za kawaida, hata akishatoa amri na kuondoka zake. Sasa wewe ndiye mwenye sare. Ukimwambia mzee "subiri pale", atasubiri mpaka jua lizame, na hatauliza kwa nini.

Sikuombi uwe malaika. Macho yatakimbilia tai tu, yangu pia hukimbilia. Nunua daftari. Kila anayeingia mwandike jina papo hapo, kisha uite kwa kufuata mstari, huku umeangalia karatasi. Jina halina kola. Na mwenye mvi muamkie kwanza, hata kama kavaa gunia.

Shati la pili nimekupatia, kola ngumu, halijachuja. Nalituma na basi la Ijumaa. Mwambie fundi akupunguzie mikono, usiikunje.

Mjomba wako